Nimetoka kwenye intavyu, niandike imeili ya kushukuru au nitaonekana najipendekeza?

Shikamoo dada. Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Igoma hapa Mwanza, nilimaliza digrii ya uhasibu miaka miwili iliyopita na tangu hapo nilichopata ni kujitolea tu kwenye saccos moja, nauli wananipa, mshahara hamna.

Alhamisi hii nimefanya intavyu ya mhasibu msaidizi kwenye shirika moja lisilo la kiserikali hapa mjini. Dada nilijiandaa mpaka nikawa naota maswali. Intavyu ilikuwa saa tatu, mimi saa moja na nusu nipo getini, kuingia tu nafungua bahasha nakuta vyeti orijino ninavyo ila kopi zote nimeziacha kitandani. Nikaanza kutetemeka. Dada wa mapokezi akaniangalia akasema lete hapa, akanitolea kopi seti nzima kwenye mashine yao, akazibana na stepla kabisa, hata jina lake sikuuliza.

Paneli walikuwa watatu, mama mmoja ndo mkuu wa fedha, kaka wa HR na mzee mmoja wa miradi. Walianza kwa kiingereza ila mbele mama akahamia kiswahili na mimi ndo nikapata pumzi. Nikaelezea jinsi kule saccos nilivyokuta kitabu cha risiti kinaruka namba na nikakaa siku tatu nalinganisha risiti moja moja na stetimenti ya benki, yule mama akaacha kuandika akawa ananisikiliza, akaniuliza maswali mengine matatu juu ya hiyohiyo. Ila pia akaniuliza, tukimlipa konsaltanti wa hapahapa Tanzania tunakata kodi ya zuio (ile mlipaji anayoikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini) asilimia ngapi, nikasema 15, tena kwa kujiamini. Nipo kwenye daladala narudi, tumefika Mabatini, ndo inanijia kwamba ni 5, hiyo 15 ni ya yule asiye mkazi. Nililia dada, konda akaniuliza umeibiwa?

Sasa ishu yenyewe. Rafiki yangu aliyeko Dar anasema lazima nitume imeili ya kushukuru, kwamba ndo watu makini wanavyofanya. Mjomba wangu ambaye amestaafu serikalini anasema nisithubutu, huko ni kujipendekeza na wataona nina shida sana. Halafu kuna kaka tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri kuitwa, ametuunganisha kwenye kagrupu ka WhatsApp, anasema namba ya yule HR anayo na kila mtu amtumie "ya asante" elfu hamsini tu, eti wawili washatuma. Mimi hiyo elfu hamsini ni ya kukopa.

Nimechukua sampuli ya barua mtandaoni nikajaza jina langu, nikisoma naona siyo mimi, nimefuta mara nne. Na mwezi uliopita nilifanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, ile ya kazi za serikali, hao nao niwaandikie? Leo Jumamosi usiku, au nishachelewa?

Binti wa Igoma

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako niliikuta Jumapili nikakujibu kwa kifupi palepale maana hili jambo halisubiri, sasa hapa naandika kwa urefu kwa ajili yako na kwa wengine wenye swali kama lako, na ni wengi.

Andika. Tuma Jumatatu asubuhi watu wakiwa ndo wanafungua kompyuta. Kawaida nawaambia watu watume siku ileile jioni au kesho yake, lakini wewe ulifanya Alhamisi na katikati kuna wikiendi, Jumatatu bado unakumbukwa.

Mjomba wako simlaumu, kuna kitu anakiona na ni cha kweli. Amefanya kazi serikalini na kule usaili una utaratibu wake, ukimfuata msaili baada ya usaili hata kwa nia safi unamweka mahali pabaya. Kwa hiyo Sekretarieti ya Ajira usiwaandikie chochote cha kushukuru. Kule umeomba kupitia Ajira Portal, umefanya mchujo wa kuandika, umeingia mahojiano, alama zimejazwa, matokeo yanatoka kwenye tovuti na kwenye akaunti yako, na wanaofaulu wakakosa nafasi wanaingizwa kwenye kanzidata wanasubiri nafasi ikipatikana. Wasaili wenyewe wanaweza kuwa wametoka taasisi tofauti kabisa na unayoenda kufanyia kazi. Kule shukrani yako ni kuhakikisha taarifa zako kwenye akaunti ziko sawa na simu yako inapatikana. Basi.

Shirika binafsi ni habari nyingine. Wale watu watatu wamekaa na wewe nusu saa au zaidi, kesho keshokutwa mmoja wao ndo bosi wako, wanataka kujua utakuwa mtu wa namna gani ukiwa dawati la pembeni. Nimekaa kwenye paneli za namna hiyo miaka mingi na nikwambie ukweli ili usije ukaweka tumaini pasipostahili, fomu za alama tulikuwa tunazijaza na kusaini kabla hatujatoka chumbani, kwa hiyo sijawahi kuona imeili ikimtoa mtu nafasi ya nne ikampeleka ya kwanza. Nilichokiona ni hiki. Tulimchukua wa kwanza, akaripoti, mwezi wa tatu akapata kazi sehemu nyingine akaondoka. Sasa mnaanza kuulizana yule wa pili alikuwa nani, makaratasi yako kabatini chini ya makaratasi mengine, na wote wanakumbuka "yule aliyevaa kitenge" ila jina hamna. Nikaingia kwenye imeili nikaandika neno intavyu, akatokea dada mmoja aliyekuwa ameandika mistari sita ya kushukuru, jina kamili, nafasi, tarehe, namba ya simu chini. Tulimpigia siku hiyohiyo. Alama zake zilikuwa nzuri tayari, imeili haikumpa alama, ilimfanya apatikane.

Tuje kwenye hiyo elfu hamsini maana ndo iliyonikosesha usingizi kwenye barua yako.

Usitume. Hata ungekuwa nayo mfukoni, usitume. Sisi tumelichezea sana hili neno asante, mpaka mtu akikwambia "sasa asante yangu iko wapi" unajua anataka hela. Takrima nayo ilikuwa hivyohivyo, neno zuri la ukarimu wa kwetu, likaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi wagombea wakawa wanagawa vitu kwa jina hilo, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vile vifungu mwaka 2006. Kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa, hakuna anayesalimika kwa kusema nilikuwa nashukuru tu.

Na kuna upande wa pili ambao hujaufikiria. Una uhakika gani hiyo namba ni ya HR? Chukua simu yako sasa hivi, tafuta namba iliyokupigia kukuita intavyu, iweke pembeni ya namba iliyoko kwenye kagrupu. Mara nyingi ukilinganisha unakuta haziingiliani kabisa, huyo kaka wa benchi anakusanya elfu hamsini hamsini za watoto wa watu wenye shida na yule HR maskini hana habari, jina lake linachafuliwa tu. Toka kwenye hilo grupu bila kubishana na mtu. Na kama itakuja kugundulika ni kweli HR mwenyewe anadai, basi unapiga 113, ni namba ya TAKUKURU na ni bure. Kwenye imeili yako ya kushukuru hayo usiyaguse, yana mahali pake.

Mimi niliwahi kutumiwa hela kwenye simu jioni ya siku ya usaili, ujumbe unasema "ya soda madam". Nilirudisha muda uleule na kesho yake ikabidi niandike memo kwa mkurugenzi kueleza, kwa sababu nisingeandika na ikaja kujulikana ni mimi ninayefukuzwa. Kijana mwenyewe alikuwa anaongoza kwa alama. Tulimwondoa. Mpaka leo naumia nikimkumbuka kwa sababu naamini kuna mtu alimshauri hivyo kama unavyoshauriwa wewe.

Haya, imeili yenyewe. Wewe ulivyosoma ile sampuli ukaona siyo wewe, uliona sahihi. Zile sampuli zinashukuru fursa, zinashukuru heshima, zinashukuru muda adhimu, mtu akimaliza kusoma hajui umeshukuru nini. Rudi kwenye barua uliyoniandikia mimi, humo ndani mna vitu vitatu vya kweli ambavyo hakuna mwombaji mwingine anavyo. Cha kwanza, dada wa mapokezi na zile kopi. Cha pili, yule mama aliacha kuandika akakusikiliza habari ya risiti. Cha tatu, ile asilimia 15. Hivyo vitatu ndo imeili yako, havina haja ya kupambwa.

Najua hiyo ya tatu unataka kuificha. Usifiche. Hebu fikiria kwa macho ya yule mama, anatafuta mtu wa kumkabidhi malipo. Ankara ya konsaltanti ni milioni 2 kabla ya VAT, ukikata 5 unazuia laki 1, ukikata 15 umezuia laki 3, mtu wa watu amepungukiwa laki 2 ambayo siyo deni lake na wewe unaanza kuandikiana na TRA kurekebisha. Kosa la namna hiyo kila mhasibu amelifanya au atalifanya. Anachokiogopa mkuu wa fedha ni yule anayekosea, anajua amekosea, ananyamaza, mwezi unaisha, zile siku 7 za kupeleka kodi ya zuio zinapita na hesabu imeshaenda hivyohivyo. Wewe umekosea saa nne asubuhi na kabla hujafika nyumbani umejikamata mwenyewe. Halafu hiyohiyo ndo tabia uliyowaelezea kwenye habari ya saccos, ulipokaa siku tatu na kitabu cha risiti. Umewaambia kwa mdomo kwamba unafuatilia, sasa wanaona unafuatilia mpaka makosa yako. Mistari miwili tu inatosha, usijieleze sana, usiseme ulikuwa na presha au hukulala.

Nakuwekea umbo lake kwa kiswahili:

Kichwa cha habari: Shukrani – usaili wa Mhasibu Msaidizi, Alhamisi

Ndugu (jina la HR),

Habari za kazi. Nawashukuru wewe na wanapaneli wenzako kwa mazungumzo ya Alhamisi. Naomba pia unifikishie shukrani kwa dada wa mapokezi, alinisaidia kutoa kopi za vyeti asubuhi ile nilipokuwa nimezisahau.

Maswali ya mkuu wa fedha kuhusu kulinganisha risiti na stetimenti za benki yalinifanya nione kwa karibu kazi yenyewe ilivyo, na ndiyo kazi ninayoipenda.

Nina sahihisho moja. Kuhusu kodi ya zuio kwa konsaltanti nilijibu 15%. Hiyo ni kwa asiye mkazi, kwa mkazi ni 5%. Samahani kwa kuchanganya.

Nasubiri kusikia kutoka kwenu kwa muda mliotueleza.

Jina kamili, simu.

Umeona ilivyo fupi, mtu anaisoma akiwa amesimama na kikombe cha chai. Kama tangazo na imeili ya kukuita vilikuwa vya kiingereza, iandike kwa kiingereza, ila kiingereza chako, kile unachoongea, usiende kutafuta maneno makubwa. Ukiona kiingereza kinakuvunja sentensi nenda na kiswahili, hapa ni Mwanza na mama mwenyewe alihamia kiswahili. Shikamoo ulishaitoa mle chumbani, kwenye imeili ya kazi "habari za kazi" inatosha, maana inaenda kwa kaka wa HR na mzee wa miradi kwa pamoja na shikamoo haiwezi kuwatosha wote.

Usianzishe imeili mpya, fungua ileile waliyokuitia intavyu ujibu humohumo, ili atakayeifungua aone mlianzia wapi. Mama wa fedha na mzee wa miradi usihangaike kutafuta imeili zao wala usiwatafute Facebook, HR atawafikishia. Na WhatsApp ya HR achana nayo kabisa hata kama namba unayo, ile ilikuwa ya kukuita, siyo ya kuzoeana.

Iandike kwanza sehemu ya noti kwenye simu, ilale usiku mmoja, asubuhi isome kwa sauti. Simu zetu zina tabia ya kubadilisha maneno ya kiswahili zenyewe, nimewahi kupokea "asante sana kwa muda wako" imegeuka kitu ambacho siwezi kukiandika hapa na mtoto wa watu alikuwa hajui. Angalia pia jina linalotokea unapotuma, kama akaunti yako uliifungua ukiwa kidato cha pili na bado inasema Cute Baby basi libadilishe liwe lako kamili.

Mshahara usiuulize humo. Shida zako usizieleze humo, kwamba una miaka miwili huna kazi, kwamba mama anaumwa, hata kama ni kweli, na najua mara nyingi ni kweli. Ukishaanza kueleza shida inakuwa barua ya kuomba, na hapo ndo mjomba anakuwa ameshinda hoja yake. Kushukuru ni jambo limekwisha, mtu alikutendea na wewe umekiri, humwachii mzigo wa kukujibu. Ndo maana hata wasipojibu, na wengi hawajibu, usijisikie vibaya na usitume ya pili kuuliza kama ya kwanza imefika. Walisema majibu baada ya muda gani? Kama hawakusema, hesabu wiki mbili, hapo unaruhusiwa kuuliza mara moja kwa ustaarabu hatua iliyofikiwa. Mara moja.

Kuna mtu mmoja hujamtaja kwenye barua yako. Kwenye CV bila shaka umeandika wadhamini, na kwa hali yako ninaamini mmoja ni meneja wa hiyo saccos au mwalimu wako wa chuo. Hao ndo wanaopigiwa simu wiki hii, na wengi wanapigiwa wakiwa sokoni au kwenye kikao, hawakumbuki hata kama uliomba kazi, wanaanza kujiumauma "eeh, eeh, namfahamu" na yule HR anaandika kwamba mdhamini hana uhakika. Mpigie leo. Mshukuru kwa kukubali kuwa mdhamini, mwambie nafasi uliyoomba ni ipi, mkumbushe habari ya kitabu cha risiti ili wakimuuliza awe na kitu cha kusema, na mwambie namba ngeni ikimpigia apokee.